Kiti Bado Kina Joto

Saa mbili asubuhi, mlango wa gereji ya Lyle Brannock uko wazi nusu, na ndani mzee mmoja anamlilia mwanawe aliyekufa vitani. Majirani wa mtaa huu wa Van Nuys, Los Angeles, wanapita na mbwa wao bila kugeuza shingo. Wameshazoea.

Analia vizuri, kwa kweli. Kisha anajifuta uso kwa mkono wa shati, anainuka kitini na kumwambia mwenzake aliye nyuma ya kamera: "Haya. Kiti bado kina joto."

Aliyekuwa analia ni Vern Sadowski. Aliye nyuma ya kamera ni Lyle, mwenye miaka sabini na minne, mwigizaji wa nafasi ndogo ndogo kwa karibu nusu karne. Wote wawili wanagombea nafasi hiyo hiyo moja katika filamu: baba wa askari aliyeuawa.

Bila shaka umewahi kumwona Lyle. Amekuwa hakimu, polisi, mhudumu wa baa, kasisi wa dakika moja. Sura yake inajulikana, jina lake halijulikani, na hilo humletea vituko. Juzi dukani mama mmoja alimng'ang'ania mkono, akidai kwamba ndiye daktari wa meno wa marehemu mumewe.

"Ukamwambia nini?" namuuliza, kalamu na daftari mkononi.

"Nilimuuliza meno yake mwenyewe yanaendeleaje. Ningefanyaje? Alifurahi mno kuniona."

Zamani usaili wa waigizaji ulifanyika ofisini. Wenye upara na mashavu mazito walikaa benchi moja koridoni, wanaume watano wale wale, miaka nenda miaka rudi. Waligombea nafasi moja huku wakila donati za boksi moja. Aliyetoka chumbani alimwambia anayeingia kwamba kiti bado kina joto. Kutakiana kila la heri kulionekana unafiki.

"Benchi lile ndilo lililonilea," Lyle anasema. "Binti yangu alipotaka kuzaliwa, nilikuwa pale. Vern akanikimbiza hospitali kwa gari lake, akakosa zamu yake. Nafasi ikachukuliwa na mtu hata hatumjui."

Siku hizi kila mtu hujirekodi nyumbani na kutuma. Benchi halipo, na wenzao watatu wameshafariki. Lyle hasemi kwamba anaumia. Anayesema ni mkewe, Noreen.

"Anatoka jikoni kwenda gereji amevaa tai," ananiambia. "Mimi najifanya sioni."

Mwaka jana uigizaji ulimpa dola elfu tisa tu. Nyumba inasimama kwa pensheni ya Noreen, aliyekuwa mwalimu. Nafasi hii ya baba wa marehemu ina kurasa kumi na moja za maneno. Lyle hajawahi kupewa zaidi ya mbili.

Hapo ndipo penye mtihani. Anayejirekodi huhitaji mtu wa kumsomea maneno ya upande wa pili, na Vern hana mwingine. Msomaji mbovu humharibia mwigizaji kila kitu.

"Ningeweza kumsomea kama nasoma bei za sabuni," Lyle anakiri. "Wazo lilinijia, sikufichi."

"Nini kilikuzuia?"

"Alianza kulia. Mtu akilia vile, unamjibu."

"Muongo huyo," Vern anadakia huku akimimina kahawa. "Alisoma vizuri ili aonekane yeye."

"Inasikika sauti tu, we mzee."

"Ndiyo maana ilipendeza. Sura ingeharibu."

Lyle anakaza tai, anakaa kitini, na sasa Vern ndiye anayemsomea. Naye anasoma kwa moyo wote.

Wiki inayofuata Lyle ananipigia simu, sauti imechangamka kama ya kijana. Mwongozaji anataka kumwona ana kwa ana, huko Burbank, Alhamisi.

"Nikampigia Vern nimpoze," anasema. "Kumbe naye alikuwa anatafuta namna ya kunipoza mimi. Tumeitwa wote wawili."

Wataenda kwa gari la Vern, maana la Lyle halina kiyoyozi. Vern ataingia kwanza, Lyle atafuata.

Namuuliza anatumaini nini.

"Nafasi naitaka, nisikudanganye. Naitaka sana, na Vern anajua." Kisha anaongeza: "Niliuliza ile ofisi kama wana benchi. Binti wa mapokezi akasema kuna viti vya plastiki."

"Vitafaa?"

"Vitafaa. Nimemwonya Vern tu, asije akatoka mle chumbani bila kuniambia kiti kikoje."