Dative Atafuta Nguvu za Kumnyanyua Mama

Siku Dative alipomwangusha mama yake akimtoa kitandani, tushukuru Mungu, hakuna mfupa uliovunjika. Lakini Gaspard, ndugu yake mdogo, alikuja mbio kutoka kwake Kanyosha akamkuta bibi kizee kakaa sakafuni, Dative kando yake, wote wawili wanalia.

"Yaya, dada yangu, we umezeeka," akasema. "Mi nitamuchukua mama. Nikimaliza kutengeneza chumba, nakuja na gari."

Dative aliumia rohoni. Mama yake aliolewa katika nyumba ile ya Nyakabiga, akazalia pale, na miguu yake ilipokufa alibaki pale, majirani wakimsalimia dirishani. Kumhamisha ni kumng'oa. Basi Dative akajiapiza: kabla chumba hakijaisha, atamnyanyua mama yake peke yake. Kwa sasa jirani yake Consolée alikuwa akija kushika upande mmoja.

Sasa tuseme ukweli. Dative alikuwa amepita hamsini, muuza vitenge, mtu wa kukaa kwenye kigoda kutwa. Jumamosi asubuhi, nusu ya Bujumbura inapokimbia barabarani ikiimba, yeye alisimama mlangoni na chai yake, akiwacheka.

Alianzia jim moja ya mazoezi mtaani Mutanga Sud, kwa kijana mkufunzi aitwaye Hugues. Mashine zilipangwa duara: miguu, kifua, mgongo, mikono. Kengele ikilia, unahamia nyingine, hakuna kupumzika. "Twende, maman, twende!" Hugues alipiga kelele. Dative naye, kichwa kigumu, angepunguzaje uzito wa vyuma mbele ya wanafunzi wa chuo waliojaa pale? Alijikaza kisabuni. Haikupita wiki, mgongo ukamkamata, akalala kitandani akiugulia chumba kimoja na mama yake. Loo, aibu gani!

Alipopona akaenda kwa Mathilde, Mkongomani wa Uvira aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, karibu na kibanda cha vitenge cha Dative. Yeye alikusanya wanawake wa rika lao uani kwa kanisa. Duara ni lile lile: kuinuka kwenye benchi bila mikono, kusukuma ukuta, kunyanyua bidoni, lile dumu la maji, kupanda ngazi. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kengele. Wanaimba kama wakimbiaji wa Jumamosi, wimbo ukiisha wanahama. Na anayeongoza wimbo ni mgeni.

Dative alidhani amepewa heshima. Akashika bidoni lililojaa, akaanza kuimba, sauti ikakatika katikati.

"Mwaga maji," Mathilde akasema. "Ukishindwa kuimba, umebeba muzigo wa mutu mwingine."

"Apana! Kwa Hugues nilinyanyua vyuma, mi nije hapa kubeba bidoni nusu?"

"Na mama yako, ulimunyanyua?"

Dative akamwaga maji.

Simlaumu Hugues. Programu yake ni nzuri kwa mwili ulioamka. Wa Dative ulikuwa bado usingizini. Kwa Mathilde alifanya siku moja, akapumzika siku moja, polepole ndiyo mwendo. Maji yakaongezwa kidogo kidogo. Mwishoni Mathilde mwenyewe alikaa kwenye kiti akajilegeza kama mgonjwa, mzito huyo, ili Dative ajifunze kukunja magoti, kumkumbatia mtu kifuani na kuinuka kwa mapaja, mgongo ukipumzika. Wenzao walicheka mpaka machozi. Dative hakucheka. Alirudia.

Chumba kilipoisha, Gaspard akaja na gari, godoro jipya alilomnunulia mama limeshafungwa juu.

"Subiri," Dative akasema. "Mama anataka kukaa nje."

Akakunja magoti kando ya kitanda, akamkumbatia mama yake, akainuka naye, akamgeuza taratibu mpaka kwenye kiti cha magurudumu. Gaspard alikuwa amenyoosha mikono tayari kudaka. Hapakuwa na cha kudaka.

"Sawa, leo umeweza," akanung'unika. "Na kesho?"

"Kesho nitamunyanyua tena. Kesho kutwa naenda mazoezi."

Gaspard akafungua mdomo, lakini mama akamtangulia. "Mwanangu, kula, halafu urudi kwako na godoro lako. Tangu nianguke, kila Dative akinishika nilikuwa nafumba macho. Leo sikufumba."

Dative hakuwa akijua. Siku zote zile alidhani mama anafumba macho kwa uchovu. Akamsukuma mama mpaka kibarazani, akaketi, akashika miguu yake, akalia kwa sauti bila kujali nani anapita.