Upinde wa Baba na Mvua ya Saa Nane

Upinde wa baba yangu umekaa juu ya meko yangu muda mrefu kuliko mabati ya nyumba yenyewe. Mabati nimebadilisha mara mbili. Sufuria sijui mara ngapi. Mume nimezika, mahindi nusu shamba nimeng'oa nikapanda chai, na upinde uko tu pale juu, mweusi kwa moshi, unang'aa kama kichwa cha mzee aliyejipaka mafuta. Mimi shule niliachia darasa la nne. Lakini kwa mambo ya upinde sikuwa nakubali kufundishwa na mtu yeyote, mpaka mwaka jana.

Baba alikuwa mwindaji upande wa Chebunyo, wakati msitu wa Chepalungu ulikuwa msitu kweli. Alizaa wasichana watupu, sita. Kwetu upinde ni kitu cha mwanamume, mwanamke haruhusiwi hata kuuruka ukiwa chini. Lakini nyani haulizi kama boma lina kijana. Walikula mahindi yetu mpaka siku moja baba akanishika bega, mimi wa tatu, mwenye mikono mirefu, akasema, "Wewe. Kuja." Hivyo tu. Hakuna sherehe, hakuna kuomba ruhusa kwa ndugu zake.

Alipokufa, hao ndugu walikuja kuuchukua. Mama akasimama mlangoni akawaambia atakayepiga shina la mgomba kutoka kwa zizi aondoke nao. Walijaribu watatu. Halafu nikapiga mimi. Nilipoolewa huku Sosiot nilikuja na blanketi, vibuyu viwili vya maziwa, na upinde. Ukoo wa mume wangu walicheka wiki nzima, kisha tumbili wakashuka kwa mahindi yao na kicheko kikaisha.

Tuelewane: sijaua mnyama. Kuwinda kulikatazwa zamani na mimi sitaki kesi. Mishale yangu ina vichwa butu vya mbao, vinene kama kidole gumba. Tumbili akigongwa nao matakoni anakumbuka njia ya kwao. Na tumbili ni watu wa asubuhi. Jua likitoka wako kwa mahindi, saa nne wamerudi mtoni. Kwa hiyo kila asubuhi ya msimu nafunga kamba kwa upinde, nalinda, halafu nafungua kamba, narudisha upinde kwa moshi, nabeba kikapu naenda kuchuma chai. Miaka yote hiyo ndivyo nilivyofanya. Kumbukeni hilo la asubuhi, kwa sababu mimi mwenyewe sikulikumbuka.

Mjukuu wangu, msichana, nimemlea tangu akinyonya, mama yake anafanya kazi mbali. Sasa yuko kidato cha tatu. Akiwa na miaka kumi alivuta ule upinde mpaka kidole kikagusa shavu, na wanaume wazima wanatetemeka wakifika nusu. Nilipiga kigelegele mpaka ng'ombe akamwaga maziwa. Nilimfundisha kila kitu: kusimama, kunyamaza, kupumua nje kwanza. Shuleni wakaanzisha mchezo wa kulenga shabaha, na wa kwanza kuchaguliwa alikuwa nani? Damu ya Chebunyo hiyo. Nilitangaza kwenye kituo cha kupimia majani mpaka karani akaniambia, "Mama, tafadhali, weka kikapu kwa mizani."

Basi mwaka jana, likizo fupi, akaja nyumbani na mfuko mrefu mgongoni. Akaufungua mezani. Nikaona chuma chekundu, mikono miwili ya kuchomeka kama miguu ya kiti, kamba nyeupe nyembamba, kidude cha kulengea pembeni, na fimbo ndefu imetoka mbele.

"Hii ni nini?" nikamuuliza. "Umetoa antena ya televisheni ya shule?"

"Kogo, ni upinde." Kogo ni nyanya kwa lugha yetu.

"Uongo."

"Wa kisasa. Mwalimu wa michezo anasema nikiutaka ni wangu kwa mashindano ya kaunti. Sisi ni wawili na upinde wa shule ni mmoja. Nikikataa anampa yule mwenzangu. Anataka jibu Jumatatu."

"Na sheria inakataza wa baba yangu?"

"Haikatazi. Alisema naweza kuja na wowote, bora usiwe na magurudumu ya kuvutia kamba."

"Basi jibu tunalo."

Akainama kufunga mfuko. Nilidhani ni heshima.

Jirani yangu wa mpaka alikuwa amekaa hapo anakunywa chai. Huyu ni mama wa upande wa ziwa, alichuma chai ya kampuni miaka mingi, akastaafu, akanunua kipande hapa karibu yangu. Ni rafiki yangu, na ulimi wake hauna breki.

"Mama," akasema, "hiyo fimbo yako ya moshi itashindana na hiyo ndege?"

"Itaichapa."

"Wee! Na mtoto akikosa nafasi kwa timu ya kaunti?"

"Hatakosa. Kesho tushindanishe hapa, mishale mitatu mitatu, na wewe uhukumu kwa sababu unapenda kuhukumu."

"Nitakuja na kiti," akasema.

Usiku sikulala vizuri, kama msichana anayengojea tohara. Niliona tu shabaha. Asubuhi ya Jumamosi ilitoka safi, anga ya buluu, majani ya chai yanameta. Tulisimamisha shina la mgomba kando ya zizi, nikachora duara kwa chokaa, tukahesabu hatua thelathini. Jirani alikuja kweli na kiti, na mahindi ya kuchoma.

Mjukuu akaanza na ule mwekundu. Mmoja ndani ya chokaa, mmoja ukingoni, mmoja nje kidogo. Vizuri. Niliguna tu. Kisha akachukua wa baba, kwa mishale ileile ya shule. Nilikuwa nimefunga kamba mwenyewe, kano za mgongo wa ng'ombe, nimesokota kwa paja langu. Ukiigusa kwa kidole inalia. Akavuta. Tii! Ndani. Tii! Ndani. Wa tatu uligonga wa pili ubavuni ukaupasua manyoya.

Jamani, nilicheza. Niliruka na gumbuti zangu mpaka kuku wakaingia nyumbani. "Antena iko wapi?" nikamwimbia jirani usoni. "Antena imeshika stesheni gani?"

"Kaa chini utavunjika kiuno," akasema, lakini hata yeye alikuwa anapiga makofi. Halafu akatoa punje ya mahindi kwa jino akamgeukia mtoto. "Hayo mashindano yenu ni saa ngapi?"

Mjukuu wangu aliangalia viatu vyake. "Saa nane. Wavulana ni asubuhi."

Jirani akaangalia juu. Nami nikaangalia juu. Kila mtu wa hapa anajua kuna nini saa nane. Mawingu yanatoka upande wa ziwa, yanapanda, na chakula cha mchana kikishashuka tumboni mvua nayo inashuka. Ndiyo maana tuna chai. Mtu anaanika nguo kwa kuhesabu hiyo mvua.

"Tungoje saa nane basi," jirani akasema, kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha.

Tukala. Tukangoja. Saa nane kasoro ikaanza kunyunyiza, halafu ikanyesha kabisa, ile ya kunyooka. Nilijifunga leso kichwani nikatoka na upinde. Nilifunga kamba upya, ikalia vizuri, nikampa mtoto. Mshale wa kwanza uliingia kwa chokaa. "Mnaona?" nikasema. Wa pili uligonga chini ya duara. Kabla ya wa tatu nikagusa kamba. Hailii. Imekuwa laini kama mkia wa ndama mgonjwa. Mjukuu alivuta kwa nguvu zake zote, akaachilia, na mshale ukaenda hatua kumi na tano ukalala kwenye matope mbele ya kuku mmoja aliyesimama akauangalia.

Hakuna aliyecheka. Hata jirani.

Kano ikinywa maji inalegea. Ni kitu mtoto wa mwindaji anapaswa kujua, na baba alijua, lakini Chebunyo mvua ni mgeni na baba alikuwa akiona wingu anaficha kamba kwapani anarudi nyumbani. Mimi nilikuja na upinde wa nchi kavu nikaishi nao kwenye nchi ya mvua miaka yote, na sikuwahi kuutumia baada ya saa nne hata siku moja.

Nilimwangalia mtoto. Maji yanamtiririka puani, na uso wake haukuwa na mshangao wowote.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua, Kogo. Muhula uliopita, mahindi yalipoisha shambani, si niliubeba shuleni? Ulilegea mara mbili."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Umeshaambia senta yote ya majani." Akapangusa uso. "Nilisema labda siku hiyo mvua itachelewa."

Labda mvua itachelewa! Msichana huyu, anayelala na ratiba ya mashindano chini ya mto, alikuwa tayari kwenda kupiga mishale kwenye matope mbele ya kaunti nzima, apoteze nafasi yake, ili mimi nisiaibike mbele ya wanawake wa vikapu. Niliona haya. Mimi huwa sioni haya kwa urahisi, muulize yeyote, lakini hapo niliona mpaka masikio yakawa moto na mvua juu yake.

"Nipe hiyo antena," nikasema.

"Kogo?"

"Nipe. Kama nitaachia kitu cha baba nataka kujua ninaachia nini."

Akanivalisha kingozi cha kukinga vidole, akanionyesha mahali pa kushika. Ulikuwa mwepesi! Nilitarajia chuma kizito kama jembe, nao ulikaa mkononi kama kifaranga. Nikavuta. Ulipanda pole pole kama unanisaidia. Ile fimbo ya mbele ikatuliza mkono wangu, mkono wa mwanamke wa miaka yangu, unaotetemeka hata nikimimina chai. Haukutetemeka. Nikasahau mvua. Nikasahau jirani. Nikapumua nje, nikaachilia.

Sikuuona mshale. Nilisikia tu *paa!* na jirani akapiga kelele, "Karai yangu! Wueh, karai yangu!"

Lilikuwa karai lake la plastiki alilokuwa ameniazima, limeegemea zizi hatua nne kutoka kwa shina la mgomba. Mshale ulikuwa umepita katikati kabisa, umetokea upande wa pili, umeshika ubao.

"Umelenga karai?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema.

"Muongo mkubwa wewe!"

Tulicheka sote watatu mpaka tukashikana, tumelowa kama matambara. Na kifua changu kilikuwa kinadunda, mdundo uleule wa siku ile baba aliniambia kuja. Nikapiga mwingine. Na mwingine. Huo wa tatu uliingia ndani ya chokaa, na kamba ile nyeupe ilikuwa inalia vilevile kama ya kwanza, maji yanatiririka juu yake haina habari.

Tulipokuwa tunajianika jikoni nilikumbuka kitu ambacho sikuwa nimekifikiria tangu usichana. Upinde huu haukuwa wa babu. Baba aliukata mwenyewe. Wa babu ulikuwa mfupi, baba akasema haufiki anapotaka, akauweka kando akatafuta mti mwingine, na ndugu zake wakamnunia kwa hilo pia. Mimi nimeupigia magoti kama kitu cha tangu Adamu, kumbe nao ulikuwa mpya siku moja na watu walinung'unika.

"Jumatatu mwambie mwalimu unautaka," nikamwambia mjukuu.

"Na senta?"

"Senta nitaenda mwenyewe."

Nilienda. Niliwaambia yote, na la karai. Walicheka mpaka karani akaacha kupima.

Siku ya mashindano tulipanda na jirani mpaka uwanjani, yeye na mwavuli, mimi na leso. Saa nane kamili, mvua. Wasichana wengine walikimbilia hema. Mjukuu wangu hakukimbia, alisimama kwa mstari wake kama nguzo, maji yanadondoka kwa kidevu. Nilimhesabia pumzi kwa midomo yangu. Mshale baada ya mshale. Kwa ule wa mwisho nilifumba macho, mimi niliyemfundisha kutofumba, na jirani akanipiga mbavu, "Fungua, fungua, ni njano!" Njano ni katikati. Walipotaja watakaovaa jezi ya kaunti, jina lake lilikuwa la pili, na niliupiga mwavuli wa jirani teke kwa furaha.

Upinde wa baba umerudi juu ya meko, na hauendi ukutani kwa mtu kuwa pambo. Wiki ile baada ya mashindano, mjukuu amepewa ruhusa ya kupumzika nyumbani, asubuhi kavu, tumbili walikuja. Nikaufunga kamba, ikalia. Nikatoka na gumbuti, nikamwona mmoja mnene amekaa juu ya nguzo na hindi langu mkononi, ananitazama kama mwenye shamba. Nikavuta.

"Kogo!" sauti ikatoka dirishani, nzito kwa usingizi. "Kiwiko! Inua kiwiko!"

Nilikiinua.