Majibu ya Damu Aliyoyaficha Mume Wangu

Admin, jina langu lifiche. La mume wangu ningetamani uliweke kwa herufi kubwa, ila mwanangu analitumia pia, basi liache.

Mimi ni mama wa miaka 32. Naishi Kibaha, nimeolewa Magindu, na kwetu ni Marui, Kisarawe. Tuna mtoto mmoja wa miaka minne, hapa nitamwita Shabani. Alizaliwa mlegevu, kunyonya kwa shida, macho yamepanda kidogo pembeni, kiganjani mstari mmoja. Daktari akamtoa damu. Baada ya wiki nyingi tukaambiwa ana nyongeza ya kromosomu namba 21. Alitueleza taratibu kwamba kromosomu ndizo zinazobeba urithi, nusu za baba nusu za mama, na wao huziangalia moja moja kwa darubini. Ile iliyozidi kwa Shabani ilikuwa imenasa juu ya nyingine, na aina hiyo wakati mwingine hutoka kwa mzazi ambaye mwenyewe ni mzima kabisa. Kwa hiyo na sisi tukatolewa damu.

Simu yangu ilikuwa mbovu, kwenye fomu tukaandika namba ya mume wangu. Majibu yalipotoka akapigiwa yeye, akaenda peke yake. Akarudi, akakaa kitandani, akasema, "Wamesema inatoka kwako. Usijali, nitakuvumilia."

Nitakuvumilia! Na mimi mjinga nikamshukuru.

Sasa kwa watu wa huku, mtoto huhesabiwa ukoo wa mama. Mama mkwe hakuhitaji darubini. Alisema mbele ya watu, "Mtoto kafuata kwao. Waende wakasafishe makaburi yao huko Marui." Mjomba wangu akachinja mbuzi, makaburi yakafyekwa, mama yangu na magoti yake mabovu akapiga magoti kuomba msamaha kwa kosa asilolijua. Mpaka leo kila msimu wa korosho anajaza mfuko anapeleka Magindu kuomba radhi. Mama mkwe anapokea, anakula, na sahani ya mwanangu anaitenga. Wifi yangu naye alipokuwa na mimba alinikataza nisimsogeze Shabani karibu yake, eti ana balaa.

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto kliniki kuangaliwa moyo. Daktari mwingine akafungua faili, akaniuliza, "Ndugu za baba yake walishapima? Tulimwelekeza awaambie." Nikamjibu kwamba mwenye tatizo ni mimi. Akaangalia tena. "Hapana mama, majibu yako wewe hayana shida yoyote."

Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Mume wangu alikuwa anakula. Nikamwambia, "Toa karatasi." Hakuuliza karatasi gani. Aliitoa kwenye bahasha ya hati ya kiwanja, akaniwekea mezani.

"Mama Shabani, mimi ni mwanaume," akasema. "Nikisimama mbele ya mama na wajomba nitaonekanaje? Wewe wameshakuzoea."

Jamani, sina ugomvi na damu ya mtu. Daktari alisema si laana wala kosa, hakuna anayechagua. Angeniambia siku ileile ningemshika mkono tukalea mtoto wetu. Lakini miaka mitatu ananiangalia natukanwa, anaangalia mama yangu anabeba korosho, halafu anakunywa chai! Na kama hesabu ni ukoo wa mama, yeye ni wa ukoo wa nani? Mbona makaburi ya Magindu hayajafyekwa?

Ningeweza kunyamaza na kuondoka zangu. Tatizo ni huyohuyo wifi. Ni dada wa mume wangu, baba mmoja, mama mmoja, na mimba tatu zimemtoka. Daktari alisema wanawake wenye hali kama ya mume wangu huweza kupoteza mimba mara kwa mara, na kipimo cha damu kingeonyesha kama anayo au hana. Hakuna aliyemwambia. Wakwe zake wameanza kumtafutia mtoto wao mke mwingine, na Jumamosi mama mkwe anampeleka kwa mganga Kurui. Nilimwambia mume wangu amwokoe dada yake. Akanijibu, "Siku utakayofungua mdomo ndiyo siku ya talaka yako."

Jana wifi alinipigia analia. "Wifi, nisamehe. Nilimnyanyapaa mtoto wako, Mungu ananiadhibu. Ijumaa nakuja nimpakate, nimwombe radhi."

Anakuja kuomba radhi kwa adhabu isiyokuwepo, kama mama yangu anavyoomba radhi kwa korosho. Na mimi karatasi sasa ninayo, iko chini ya godoro upande ninaolala. Ijumaa ni keshokutwa. Niambieni ndugu zangu, akishampakata mwanangu, ninyamaze niokoe ndoa au niifunue hiyo karatasi?