Pua ya Jirani Yangu

Jirani yangu hakuwahi kumpa ng'ombe nyasi kavu kabla ya kuzamisha uso wake mzima ndani ya nyasi hizo, macho ameyafumba, na kuvuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Hizi zinanukia chai," alikuwa akisema. Au: "Hizi zilifungwa mbichi, mpe adui yako." Kijiji kizima hapa milimani Maramureș kiliamini pua yake. Zamani tulianika nyasi kwenye vigingi, upepo ukazikausha polepole. Siku hizi mashine inazifunga zingali na umande, na marobota yanapata joto ndani kama uji uliofunikwa. Daktari wa mjini alimwambia kwamba humo huzaliana bakteria, na kwamba huenda vumbi lake ndilo linalovimbisha mapafu yake. Akiendelea kunusa, yatakakamaa yasipone tena. "Na ng'ombe wangu ale nini, vidonge vyako?" alimjibu, kisha akakohoa mpaka akashika ukuta.

Jana nilimkuta nje ya ghala lake, kitambaa puani, ng'ombe akilia njaa.

"Ingia unuse wewe, Toader. Zamisha uso, mwanamume! Humbusu mama mkwe."

Nikazamisha.

"Chai," nikamwambia.

"Chai ya nini?"

"Mnanaa. Na lavenda kidogo."

"Mwongo. Lavenda haioti kwenye shamba lile."

"Basi mnanaa tu."

Akaifuta mikono yake yenye sugu kwenye aproni.

"Haya," akasema. "Mpelekee ng'ombe."