Mama Humeza Nikimeza

Huyu fundi cherehani midomo yake ilikuwa na kazi mbili. Kibandani ilibana pini, nyumbani iliachama. Kila alipoinua kijiko cha uji kumlisha mama yake, naye alifungua mdomo, "aaa", utadhani mgonjwa ni yeye. Mama akafungua wake. Fundi akimeza mate, mama anameza uji. Mama mwenyewe ndivyo alivyomlisha utotoni, na tangu kiharusi kimlaze, mwaka wa nne sasa, hawakuwa na njia nyingine.

Kaka yake alipokuja kuwajulia hali, alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, hapa anakula nani?"

"Haya bingwa, lisha wewe tuone!"

Kaka akakaa, mdomo kaubana. Mama akamtazama tu, uji ukamtiririka kidevuni. Kicheko kikamwisha. Akarudisha kijiko, na kesho yake akarudi kwake.

Fundi akabaki na mashuka ya kufua na mgongo usionyooka. Jamani, kuuguza kunachosha, asikudanganye mtu! Mchana mmoja mteja alimfuata nyumbani kuchukua nguo yake, akakuta kitambaa hakijaguswa, akamtukana pale pale mlangoni. Fundi akaingia ndani kulisha. Akainua kijiko, na moyoni likampita neno: Mungu wangu, haya yaishe. Mdomo wake haukufunguka.

Mama akamtazama usoni, akamtazama sana. Kisha naye akafunga mdomo.

"Mama, sikukusudia! Aaa, mama, aaa!" Fundi akaachama, akameza, akameza tena mpaka koo likamuuma. Wapi! Hata tone halikupita. Nesi alipokuja jioni alisema ugonjwa ukifika hapo koo hugoma, asijilaumu bure. Siku ya sita mama akafa.

Maneno ya nesi hayakumwingia. Aliyaona yale macho yeye, nesi hakuyaona. Alijua ameua, na hakuwa na wa kumwambia.

Siku ya tatu baada ya mazishi, kaka akamwekea sahani. "Kula dada. Tangu juzi hujatia kitu tumboni."

Fundi alitaka kula, Mungu ni shahidi, lakini meno hayakuachana. Basi kaka akachukua kijiko mwenyewe, akakisogeza, na bila kujijua akaachama, "aaa", akameza mate, akangoja.

Fundi akamtazama usoni, machozi yakimtiririka kidevuni, mdomo umefungwa.