Dakika Mbili Zilizobaki

Diploma yangu imetundikwa sebuleni hapa Nachingwea. Wanaokuja kuitazama hudhani niliipata ng'ambo. Ng'ambo nilikwenda kuichukua tu. Niliipata shule ya kati, darasa la nane, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, siku niliyochapwa katikati ya hotuba.

Mwalimu mkuu alitufundisha mdahalo kwa henzerani. Ukikwama, fimbo. Ukichomeka Kimwera, lugha yetu ya nyumbani, fimbo mbili. Mimi, mtoto wa wakulima wa Lionja, niliyefika shuleni na Kiswahili cha salamu tu, nilichapwa kuliko wote mpaka nikawa bora kuliko wote. Mwaka ule alitangaza kuwa atakayeshinda mdahalo wa mwisho ataandikiwa barua ya kwenda chuo cha ualimu. Barua ilikuwa moja.

Mpinzani wangu alitoka Nambilanje. Ukoo wake na wetu ni watani, hivyo tangu darasa la tano tulitukanana na kunyang'anyana mihogo kila siku, kama inavyotakiwa. Mada ilikuwa trekta na jembe, kipi bora. Matrekta ya Wazungu wa mradi wa karanga yalikwisha kung'oa pori la jirani, na mengine yalianza kuota kutu. Nilitetea jembe.

Nilipochangamka, nikamnyooshea kidole mtani wangu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, marehemu babu yake huyu alipoona trekta mara ya kwanza alipiga magoti, akaliamkia shikamoo! Lilipokataa kumwitikia, akafa kwa hasira!"

Darasa zima likalipuka. Mtani wangu alicheka mpaka akashika benchi. Lakini mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kaskazini, utani wetu hakuujua. Alichosikia ni maiti kutukanwa. Aliniinamisha juu ya meza ya mwenyekiti, akanichapa sita. Ya nne ilichana kaptula. Ya sita ilichana nyama.

"Mwongeze, mwalimu!" mtani akapiga kelele, bado anacheka. "Huyo hashibi upesi!"

Mwalimu akaongeza kweli. Ya saba. Ya nane.

"Basi, mwalimu!" mtani akapaza sauti, hacheki tena. "Nilikuwa namtania!"

Ya tisa. Ya kumi haikunifikia. Mtani aliruka benchi, akainyakua henzerani na kumchapa nayo mwalimu usoni. Damu ikatapakaa kwenye shati jeupe la mwalimu. Walimu wengine wawili walimwangusha mtani, wakampiga mateke mpaka jino la mbele likadondoka sakafuni. Akafukuzwa shule saa ileile, akaondoka kwa miguu kurudi kwao, mdomo umevimba.

Nikasimama. Damu ilikuwa imefika visiginoni.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "bado nina dakika mbili."

Nilizitumia zote bila kukwama hata neno moja. Barua nikapewa. Wapo wasemao nilishinda kwa sababu hakubaki wa kunijibu. Wajaribu wao kuhutubia na makalio yaliyopasuka.

Chuo cha ualimu kilinipeleka ng'ambo, na niliporudi na diploma, mtani alikuja kutoka Nambilanje. Aliingia bila hodi, jogoo wangu mkubwa tayari kwapani, akasimama mbele ya fremu.

"Nusu ni yangu," alisema, pengo wazi.

"Nusu ipi?"

"Ya chini, yenye mihuri. Ya juu ina jina lako, nani ataitaka?"

Nilimjibu kwa dakika mbili kamili, kwa Kiswahili safi. Alisikiliza mpaka mwisho, dakika mbili ambazo siku ile hakubaki kuzisikia. Kisha akaenda na jogoo, nami sikumdai.