Beseni la Ukoo wa Tucker

"Bibi, mbona akina Baker wanabeba mikate, akina Smith nyundo, halafu sisi tunabeba kitambaa tu? Kwani akina Tucker walikuwa wanafanya kazi gani?"

Tamsin aliuliza hivyo akiwa na miaka saba, mdomo umejaa keki. Bibi yake, Enid Tucker, akamkatia kipande kingine.

"Kula, mpenzi. Walikuwa watu wa vitambaa."

Watu wa vitambaa! Jibu la mwanasiasa kabisa. Katika mji wao mdogo huko Devon, Uingereza, siku ya sikukuu ya sufu, kila ukoo wenye jina la kazi huandamana hadi kanisani na zana zake. Enid hakuwahi kukosa tangu alipokuwa anasukumwa kwenye kigari cha mtoto. Alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote, na hata mwalimu mkuu aliuogopa mwiko wake. Yeye aliogopa swali hilo moja tu.

Jirani yao Reg Webber, wa ukoo wa wafumaji, alilijua jibu. Kila mwaka alimchokoza: "Bi Enid, miguu umenawa lakini?" Enid alimpa mgongo.

Tamsin alipofika miaka kumi na sita, kamati ikaamua kwamba ukoo usioonyesha kazi yake kwa vitendo hauandamani. Mwenyekiti nani? Reg, nani mwingine.

"Kitambaa hata mimi ninacho, mama," akamwambia Enid mlangoni. "Tunataka kazi. Ukiona aibu, tuchungulie dirishani."

Enid akambamizia mlango. Chai yake ikapoa bila kuguswa, na kwa Enid huo ni ugonjwa. Kesho yake akatangaza choo kimeharibika, wote watumie ndoo, na asiulizwe kitu. Choo kilikuwa kizima. Tamsin alikijaribu.

Siku ya sikukuu Enid akatokea mbele ya kanisa akisukuma toroli lenye beseni kubwa la bati, limefunikwa. Reg alikuwa anajishaua na blanketi alilolifuma msimu mzima wa baridi. Enid akamnyang'anya, akalitumbukiza kwenye beseni, akavua viatu na soksi, akapandisha sketi, akaingia. Chwa! Chwa! Harufu ikamfikia kasisi, akaiweka keki yake chini taratibu.

"Wewe mwanamke, umechanganyikiwa? Blanketi langu!"

"Nyamaza, Reg! Hili si blanketi, ni wavu. Ngoja nikumalizie kazi."

Tamsin akasogea, pua kaibana kwa vidole. "Bibi, hiyo ndiyo ile ndoo?"

"Ndiyo hiyo, mpenzi. Uliniuliza ukiwa mdogo, leo nakujibu. Akina Tucker walikanyaga nguo kwenye mkojo wa mji mzima, mpaka ikatakata, ikashikamana, mvua isipenye. Bila miguu yetu, akina Webber wangetembea makalio nje. Sasa vua viatu, uingie."